Athumani, Landrova Yako Imeuzwa

Sindeni, nyumbani

Kwako mwanangu Athumani,

Mama yako nakusalimu. Ungekuwepo ungesema shikamoo mama, nami ningesema marahaba, basi tuhesabu hilo limepita. Mimi sijambo, ni huu mguu tu, mawingu yakikusanyika nao unaanza. Baba yako hajambo, anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Yuko kule bondeni anapalilia mahindi. Bibi yako hajambo, macho yamepungua lakini mdomo uko pale pale, anakusalimu mara mbili kwa sababu anasema mara ya kwanza huwa husikii. Dada yako Zaina yupo Segera, pale njia panda na machungwa yake, anakusalimu. Shemeji yako anakusalimu. Mwajuma wao, uliyemwacha anatambaa, sasa anakimbiza kuku wa watu, naye nimemuuliza kama anakusalimu akasema ndiyo. Mbuzi wako yule mweusi kazaa mapacha. Nimekutajia wote, wote wazima, pengo ni lako tu.

Barua hii naandika mwenyewe. Darasa langu la nne unalijua, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usinicheke. Shehe alisema marehemu hahitaji barua, anahitaji dua. Dua nakuombea kila nikiswali, Mungu ni shahidi. Lakini kuna maneno hayaingii kwenye dua. Nitamwambiaje Mungu habari za plagi na betri?

Kwanza nikupe lile ninaloliogopa, nimalizane nalo. Hadija wa Kwamsisi ameolewa. Alikuja hapa mwenyewe kabla ya posa, na kilo ya sukari, akakaa pale mkekani akalia mpaka mtandio ukalowa. Alikuja kuniomba ruhusa, Athumani, kama mimi ndiye niliyemzaa. Nikamwambia nenda mwanangu, bado u mdogo. Nikampa zile kanga nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya siku yenu. Mimi nisingeweza kuzivaa, na kila nikifungua sanduku zilikuwa zinaniangalia. Usiumie. Mume wake ni mpole, nimeulizia.

Sasa nikwambie kilichonifanya nitafute kalamu. Landrova yako imeuzwa mnadani. Na mimi nimeitoa siri yako mbele za watu.

Tulia kwanza unisikilize, usininunie.

Unakumbuka ulivyoikuta, nyuma ya gereji ya shamba la mkonge kule Korogwe, majani yamepita madirisha na nyuki wamejaa ndani. Wenzako wote waliikwepa. Wewe ukawafukiza nyuki kwa moshi, ukatuletea asali ndoo nzima. Bibi yako alisema asali gani hii inanuka oili, akaimaliza yeye. Nikasema haya, asali tumekula, sasa liache hilo gari. Hukuliacha. Miaka mitatu kila ukimaliza kazi za watu unakwenda kulala chini yake. Mimi nikawa na maneno ambayo leo nayameza kwa taabu. Nilikuwa nakwambia wenzako wana wake, wewe una gari bovu. Nilikuwa nakwambia limemzidi bibi yako umri na yeye angalau anatembea. Ulikuwa unacheka tu, unasema, "Subiri mama, litawaka, utalisikia mwenyewe."

Na likawaka. Ulikuja nyumbani siku hiyo hujanawa hata mikono, unaniigizia mlio wake kwa mdomo, brum brum, mate yanaruka. Nikakwambia haya baba, kula kwanza, ugali unapoa. Basi. Ndivyo nilivyokupongeza. Tena sikuja kulisikia, kwa sababu halikuruhusiwa kutoka nje ya shamba na mimi sikupata siku ya kuja. Hapana, nisidanganye kwenye barua. Siku zilikuwepo. Niliona ni utoto.

Kisha ukaleta kile kiti cha dereva kwenye pikipiki, umekifunga kwa mpira nyuma, nikushonee kitambaa cha gunia la katani. Nikakushonea. Ukaniambia, "Mama, hapa ubavuni acha uwazi wa vidole viwili, usiushone." Nikauliza wa nini. Ukasema hapo utaweka kiswichi, maana wenzako wanalichukua gari bila kukuuliza wanaendea mkaa humo humo shambani, na kiswichi kikizimwa hata aje fundi wa wapi haliwaki. Ukasema, "Tunajua wawili tu, mimi na wewe. Usimwambie mtu, mama." Nikasema simwambii, nikakata uzi kwa meno, nikakupa kiti chako.

Baada ya hapo hata miezi miwili haikufika. Ile homa siku nne tu. Siendelei hapo.

Lakini gari ulikuwa umelizima kama kawaida yako, si ndiyo? Ulipoondoka wakaja kulitaka. Wakabadilisha betri, wakabadilisha plagi, wakafungua wakafunga, gari kimya. Mzee Salehe, mkuu wenu wa gereji, aliyekufundisha kazi, akashindwa na yeye. Mwanzo walisema maneno mazuri, eti gari limemfuata mwenyewe. Nililia, lakini yalinipendeza. Halafu maneno yakageuka. Wakasema Athumani alilifunga gari kwa dawa. Wakasema ndiyo maana hata nyuki hawakumuuma. Maneno yametoka Korogwe yamefika huku Sindeni kwa miguu yake yenyewe. Nikifika bombani na ndoo, wanawake wananyamaza, halafu mmoja anauliza bei ya maharage.

Mwanangu mchawi! Mtoto aliyekuwa anaogopa kinyonga.

Na mimi naijua dawa yenyewe. Najua ni kiswichi, najua kiko ubavu gani, nimeuacha ule uwazi kwa mkono wangu. Ningesema neno moja tu. Lakini nilikuahidi. Ungekuwa hai ningekuomba ruhusa, tungegombana kidogo ungekubali. Sasa aliyelala nimwombe vipi? Mwaka mzima nimelala na neno hilo mdomoni. Nilimwambia baba yako? Sikumwambia.

Wiki iliyopita Zaina akapiga simu. Gari la matangazo limepita Segera na kipaza sauti, shamba lina wenye mali wapya, wanauza magari yote ya zamani kwa mnada. Baba yako akasema yeye haendi kuangalia jasho la mwanawe likikatwa kwa gesi liwe chuma chakavu. Akachukua jembe akaondoka, na jembe lenyewe kalichukua lile lililolegea mpini. Nikaenda peke yangu. Na mimi mnada ninaoujua ni ule wa ng'ombe na mitumba na nyama choma, kwa hiyo nilibeba kikapu nikisema nikitoka nitanunua dagaa. Nimefika, hakuna hata mwenye karanga. Magari tu yamepangwa mstari kama wagonjwa zahanati, kila moja lina namba ya chaki mlangoni. Lori lile la kubebea mkonge, Pijo ya meneja wa zamani imekaa juu ya matofali, trekta mbili, na yako mwisho kabisa, karibu na ukuta. Nikaijua kwa kile kiti. Gunia langu limepauka lakini mshono haujaachia hata mmoja.

Wanunuzi walikuwa wa namna mbili. Walikuwepo wa chuma chakavu, wamekuja na lori na mitungi yao ya gesi, hao gari wanalipigapiga teke kusikia uzito. Na walikuwepo watu wachache waliotoka mbali wanaopenda magari ya zamani, hao wanaligusa taratibu wanachungulia chini. Mmoja, mzee wa kutoka Dar mwenye miwani imefungwa kamba shingoni, alilala chini kwenye vumbi na shati lake jeupe akaangalia kazi yako. Alipoinuka akauliza, "Nani kafanya kazi hii?" Watu wakatazamana. Hakuna aliyekutaja. Mwisho kijana mmoja wa chuma chakavu akasema, "Huyo alikuwa mganga, mzee, usiliguse, hilo halitawaka mpaka kiama." Wakacheka.

Dalali akasema gari linauzwa kama lilivyo, hapo lilipo. Mzee Salehe akapiga stata mbele ya watu, injini inazunguka, haishiki. Akapiga tena. Yule mzee wa Dar akatikisa kichwa akarudi nyuma, akasema gari ni zuri lakini lisilowaka hanunui. Wakabaki wa chuma chakavu peke yao, na mwenye mtungi wa gesi kashaanza kuuviringisha kuja huku.

Athumani, mwanangu, sikufikiri. Ningefikiri ningebaki nimesimama. Nilijikuta nimeshafika mlangoni na kikapu changu. Dalali akasema, "Bibi, huku siyo sokoni." Nikamwambia subiri baba. Nikapiga goti kwa mguu huu huu mbovu, nikaingiza vidole viwili pale ubavuni. Kijana wa chuma chakavu akapiga kelele, "Bibi kadondosha hela!" Watu wakacheka tena. Nikakigusa. Kidogo kama punje ya hindi, bado kina mkanda mweusi uliokizungushia. Nikakibonyeza, kikasema ta.

Nikamwambia Mzee Salehe, "Piga sasa, baba."

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Akapiga. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikashika.

Sijui nikueleze vipi. Moshi ulitoka, mabati ya gereji yakatetemeka, na mimi nimeshikilia mlango natetemeka nao. Mlio ulikuwa ule ule. Ule ule ulioniigizia umesimama mlangoni na mikono michafu, hukuongeza kitu, hukupunguza. Nilikuwa nadhani unatia chumvi.

Nikapandisha sauti, mimi ambaye hata kwenye vikao vya kijiji sisemi. Nikasema, "Huyo mliyemwita mganga ni mwanangu, anaitwa Athumani, na dawa yake ni hii swichi hapa, njooni mwione wote!" Wakaja kweli wakachungulia, mmoja mmoja, hata yule aliyenicheka. Mzee Salehe akaufuata waya kwa kidole, akaukuta umeupitisha katikati ya nyaya za zamani, zimefungwa pamoja kwa ustadi mpaka huwezi kuutofautisha. Akavua kofia. Akasema, "Mwaka mzima nimebadilisha plagi bure. Mtoto huyu nilimfundisha mimi, na amenificha mimi." Halafu akacheka mpaka machozi, na sikujua yapi ni ya kucheka.

Mzee wa Dar akapandisha, wa chuma chakavu wakapandisha mara mbili wakaacha. Imekwenda naye. Hakatwi mtu.

Alipojua napita Segera kwa Zaina akanifungulia mlango. Nikakaa mbele. Mzee yule haendeshi haraka, na gari lako lina kelele, mwanangu, tusifichane, na linarusha makalio. Lakini watu barabarani walikuwa wanageuka kutazama. Nilijifunga kanga vizuri. Pale Segera Zaina alikuwa anapanga machungwa, aliponiona nashuka akaangusha sinia zima, yakabingirika mpaka kwa wauza korosho. Mzee akanunua machungwa yote yaliyopasuka, akasema ndiyo matamu. Kabla ya kuondoka akaniuliza akitoe kile kiswichi? Nikasema kiache. Akasema hata hakufikiria kukitoa, alikuwa ananiuliza kwa adabu tu.

Mzee Salehe amekuja hapa Ijumaa na watu watatu wa gereji, wakasoma dua, wakamwomba baba yako radhi kwa yale maneno. Bombani sasa hawanyamazi, wananipisha nichote wa kwanza, mpaka naona aibu. Na baba yako, aliyesema haendi, kila jioni ananiuliza lililia vipi. Mimi na umri huu nakaa jikoni namwigizia gari kwa mdomo. Anasema nakosea, nianze tena.

Lakini mimi siri yako nimeitoa, na hilo linanikaa hapa kifuani. Uliniambia wawili tu, sasa inajua Korogwe nzima. Nimepima nikaona jina lako ni zito kuliko siri yako. Kama nimepima vibaya nisamehe, ni mapenzi tu, mapenzi ya mama hayana mizani nzuri.

Nakuahidi kitu kimoja, mwanangu, na hiki sitakivunja. Mwajuma tayari anafungua fungua redio ya bibi yako. Mama yake anamchapa vidole. Nimemwambia Zaina amwache. Siku atakayoniita nije kusikia kitu alichokitengeneza, nitaacha sufuria jikoni iungue, nitakwenda.

Lala salama, Athumani. Mungu akupanulie kaburi. Alhamisi nakuja kung'oa majani pale kwako, mvua imeyapendelea.

Nijibu upesi. Kama umekasirika niambie, na kama hukukasirika niambie upesi zaidi, maana silali vizuri. Njoo hata kwenye ndoto fupi. Na ukija usisimame nje unavua viatu vyako vya grisi kwa kuniogopa. Ingia navyo mpaka ndani, sakafu nitafuta mwenyewe.

Ni mimi mama yako