Bahasha za Uingereza kwa Jina Lako

Hamisi ndugu yangu,

Nimekukosea, na hapa Nambambo sina wa kumwambia asinichunguze usoni.

Unakumbuka yale masomo ya ufundi redio kwa posta? Ada ilitosha mtu mmoja, tukaandikisha jina lako, tukasoma wawili. Mimi kile chuo nilikitilia shaka tangu mwanzo. Mwalimu gani huyo, yuko Uingereza, anakusahihisha kwa kalamu nyekundu na hajawahi kukuona? Ukanicheka: "Wewe Yusto, hata jogoo akiwika utauliza katumwa na nani."

Ulipofariki yalibaki masomo manne. Nikajibu maswali, nikaandika jina lako juu, nikapeleka posta Nachingwea. Sikumwambia mtu. Wangesema nimekurithi kabla ya arobaini.

Majibu yakaletwa kwenu. Mwalimu jirani akamsomea mama yako: Hamisi, kazi yako ya mwezi huu ni nzuri, endelea. Mwezi huu, na wewe una miezi mitatu kaburini.

Mama hakulia. Alisema mwanawe hakufa, kafanywa msukule, kuna mtu kamficha anamtumikisha. Watu wakadai tulizika mgomba badala yako. Macho yakamgeukia mjomba wako kwa kuwa ndiye aliyekuosha. Salamu zake zikakosa wa kuitikia. Na mimi, niliyeandika kwa mkono wangu, nikaanza kumtazama mara mbili mbili. Shaka inaambukiza kama upele.

Niliposikia mganga anakuja kutoka Mbwemkuru kufukua kaburi lako, nikaenda kwa mama na daftari langu. Nikaandika jina lako mbele yake. Hajui kusoma, lakini alilinganisha na zile karatasi, herufi kwa herufi.

Akazikunja karatasi zote. Kisha akasema, "Kumbe kafa kweli."

Akalia, kilio kile cha siku ya kwanza. Afadhali angenitukana.

Mganga hakuja tena. Mjomba wako nimemwomba radhi, kanisamehe kwa mdomo, ya moyoni siyajui. Chuo nimekiandikia kwamba mwanafunzi wao amefariki.

Shamba la mama la mbaazi nitalilima mimi, msimu huu na mingine inayokuja, anitazame asinitazame. Kwa siku zile chache nilikuwa nimemrudishia mwanawe bila kujua, halafu nikaja kumnyang'anya.

Lala, ndugu yangu. Jina lako sitaligusa tena.

Yusto