Tairi la Akiba na Viatu Vyako

Mume wangu,

Sisi huku wazima, na mama yako kama kawaida hana dogo.

Gari ulilotununulia lilikuja bila tairi la akiba wala jeki, na kila nikisema nije kwako, unanijibu kwamba nitakwama njiani. Basi fundi amenitafutia vyote viwili. Nilipojizoeza kubadili tairi, mama yako alinishikia spana huku akinitania kwamba nazungusha jeki kama nasaga nafaka, lakini gari lilinyanyuka.

Kwenye lile shimo la tairi chini ya buti la gari nilikuwa nimehifadhi viatu vyako, visiingie vumbi. Sasa tairi limekaa humo, na viatu nimeviweka kiti cha mbele, pembeni yangu.

Watoto wakifunga shule, naja. Kama kuna sababu nyingine ya kunizuia, niandikie kabla sijawasha gari.

Mkeo, mpaka useme vingine.