Perege Mia na Hamsini Katika Sanduku la Mgiriki

Jumatano, 28 Mei 1975

Leo nyumba yangu imepata wageni mia na ishirini! Perege. Wadogo, kila mmoja kama ukucha wa kidole gumba. Mwanangu Generoza kawaleta mwenyewe na Landrova ya kituo cha samaki, wamo kwenye madebe. Bwawa la kijiji kipya upande wa Masanze halijakamilika. Siku kumi tu, mama, kasema, wakimaliza kushindilia udongo nakuja kuwachukua.

Mtaa mzima umeona gari. Jirani yangu Mwanasha alisimama mlangoni na ufagio, hafagii kitu. Nikasema, sauti ya kutosha: Karibu chai, Afisa wangu! Msichana wa kwanza hapa Kilosa kusomea samaki. Kama yupo mwingine mimi sijamsikia.

Tumewaweka kwenye sanduku la kioo, lile aliloniachia Mgiriki wa mkonge kule Rudewa nilipokuwa namfulia. Mashamba yakataifishwa, yeye akaondoka, sanduku likabaki kwangu. Miaka minane nimeweka humo vyeti vya Generoza, kila anayeingia avione. Sasa vyeti viko chini ya godoro.

Generoza alitazama sanduku, akatazama samaki, akaguna. Ni dogo, mama. Lakini siku kumi watavumilia.

Kaniachia masharti. Maji ya bomba yana dawa, yalale kwanza kwenye ndoo siku nzima. Kila asubuhi nichote maji ya chini yenye uchafu, robo ya sanduku, nirudishie safi. Pumba kidogo tu, kiasi wanachomaliza kabla sijamaliza Salamu Maria tatu. Kinachobaki kinaoza, kinawaua. Na usiongeze samaki hata mmoja, mama. Hata mmoja!

Nani aongeze samaki? Nina wazimu mimi?

Jumapili, 1 Juni

Baada ya misa watu wamejaa sebuleni kama kuna msiba. Wanataka kuona samaki wa Afisa. Mume wangu Tomasi katoka kwenda kukaa uani, anasema kiti chake kimepata mpangaji.

Na kila mtu kaja na kitu mkononi! Mmoja tonge la ugali wa unga wa yanga, huu wa njano wa kupanga foleni. Mwingine chembe za mkate. Ningewakatazaje? Mtu hawezi kuja kuangalia viumbe wanaoishi kwako, asiwape chochote. Hata mtoto mchanga anatiwa kitu kiganjani akitazamwa mara ya kwanza. Samaki walikula wote. Walikula vizuri!

Salamu Maria tatu ni fupi mno. Mimi leo nimesali kumi zima la rozari na bado wanatafuna. Mtoto wa Kilosa hashibi kwa Salamu Maria tatu.

Alhamisi, 5 Juni

Timotheo, dereva wa kituo, kapita akitoka Ruaha. Ana perege thelathini kwenye debe. Shule aliyowapelekea kule bwawa halijachimbwa hata jembe moja. Atawarudisha Morogoro, lakini jua hili, wataiva njiani.

Mwanasha yupo ukutani anasikia. Akasema: Hawatatosha kwa Mama Generoza, sanduku lenyewe kama jeneza la paka.

Ningefanyaje! Nikamwambia Timotheo, mwanangu, leta hapa. Nyumba hii haijawahi kumwambia mgeni hakuna nafasi.

Mia na hamsini sasa. Wamejazana hata kioo kimekuwa cheusi kwa migongo. Wanapendeza! Tomasi kaangalia kidogo. Kasema: Mama Generoza, hii ni treni ya daraja la tatu.

Jumatatu, 9 Juni

Siku kumi zimepita. Barua imekuja na Timotheo. Bwawa lilijazwa maji na likanywa yote usiku mmoja. Wanashindilia upya. Generoza anasema nivumilie mpaka mwisho wa mwezi.

Nimechoka. Ndoo sita kila siku kichwani, maana bomba la mtaa linatoka asubuhi tu, na foleni yake! Zikifika zilale kutwa nzima. Tomasi juzi kaoga maji ya samaki bila kujua. Nilimfokea mtu mzima wa watu kama mtoto.

Ijumaa, 13 Juni

Alfajiri nimewakuta wote juu. Midomo nje ya maji, wanahema, wanahema. Mia na hamsini wote, kama watu dirisha la unga linapofunguliwa. Nikachukua upawa. Nachota, namwaga toka juu, nachota, namwaga, kama mtu anayepoza chai ya mgonjwa, ili maji yashike hewa. Generoza aliwahi kunionyesha. Mpaka jua linatoka bega langu halinyanyuki.

Wanne wamekufa. Nimewafukia chini ya mgomba kabla Mwanasha hajaamka.

Jumamosi, 14 Juni

Timotheo kapita, anataka barua ya kumpelekea Generoza. Kasimama hapo hapo ananisubiri. Nikaandika: Wote wazima, pamoja na wale thelathini wa Timotheo, wanakua, wanakusalimu. Hata jirani wanashangaa.

Wanne ni nini kati ya mia na hamsini? Hata kwenye shamba la mahindi mbegu nne hazioti.

Jumanne, 17 Juni

Kumi na mmoja. Mgombani.

Alhamisi, 19 Juni

Tisa. Wengine wana utando mweupe mkiani kama pamba ya mto. Maji yananuka. Nimetia chumvi kidogo. Nimesali. Wageni wawili wamekuja na ugali nikawaambia samaki wamelala. Wakacheka. Samaki wanalala mchana? Nikasema wa Afisa wanalala.

Jumamosi, 21 Juni

Barua ya Generoza. Nainakili hapa kidogo, maana naisoma na kuisoma: Mama, nimemsomea mkubwa wangu barua yako. Amefurahi mno. Ameandika kwenye ripoti kwamba vifaranga mia na hamsini vimetunzwa bila hasara hata kimoja, na bwawa litapandwa samaki Saba Saba mbele ya viongozi. Kasema nikifaulu hili nitapewa mabwawa yote ya wilaya. Hakuna mwenzangu anayeamini ni sanduku moja la kioo. Nimewaambia hamumjui mama yangu.

Hamumjui mama yangu.

Nimemsomea Tomasi. Akainama, anafunga kamba ya kiatu ambayo ilishafungwa. Halafu akasema: Umekuwa kama wale wanaoripoti kijiji kimekamilika na nyumba hazina mapaa.

Nikamwambia kwa Kisagala, lugha ya kwetu, ale chakula chake kisije kikapoa.

Leo wamekufa ishirini na mbili. Ishirini na mbili!

Jumatano, 25 Juni

Leo nimepata adabu kutoka kwa mama wa maziwa.

Rutha, yule Mmasai anayetuletea maziwa na kibuyu, huwa haingii ndani siku hizi. Samaki kwao ni kinyaa, anasema ni nyoka waliokatwa miguu. Nikamwambia nyoka nao hawana miguu, akasema ndiyo maana. Tangu Jumamosi wamekufa wengine arobaini na watatu, na leo kaona nimekaa chini na upawa, nalia. Kaingia, kashika pua kwa khanga.

Mama, unalilia hawa?

Nalilia hawa.

Kaangalia sanduku. Kauliza, wanaenda haja wapi? Nikasema humo humo. Wanakunywa wapi? Humo humo. Akanitazama kama mtu anayemtazama punguani wa watu.

Zizi dogo, ng'ombe wengi, kasema. Wanakanyaga mavi yao, wanapumua pumzi ya mwenzao. Sisi tukiona hivyo hatuongezi majani! Tunagawa kundi. Hawa kwa ndugu, hawa kwa shemeji, hawa kwa rafiki. Wewe huna rafiki?

Nikasema ninao, lakini watajua wamekufa.

Akacheka mpaka hereni zikalia. Ng'ombe wako anakufa, wewe unaona aibu! Basi kula aibu, mama, haina mifupa.

Generoza kanambia hayo hayo siku ya kwanza. Hata mmoja, mama. Lakini nilisikia sauti ya mtoto wangu, sikusikia Afisa.

Alhamisi, 26 Juni

Nimekwenda kwa Mwanasha. Hatua ishirini, nimezitembea kama kwenda Dumila kwa miguu. Hodi. Karibu. Nikasema jirani, naomba lile pipa lako la kufulia, lililokatwa nusu.

La nini, shoga? Perege wa Afisa wamekosa nafasi kwenye jumba lao?

Nikamwambia yote. Wanne, kumi na mmoja, tisa, mgomba, barua. Yote. Nilingoja acheke.

Hakucheka mara moja. Kwanza kasema: Ndiyo maana mgomba wako umenawiri, nami naung'ang'ania wangu kwa majivu! Hapo ndipo akacheka, na mimi nikacheka, machozi bado yapo. Halafu akamwaga nguo zake zilizolowekwa, akasukuma pipa mwenyewe mpaka uani kwangu. Kalisugua kwa mchanga, sabuni isibaki. Tumetia maji ya mto Mkondoa, tumepokezana kichwani, safari kumi na moja. Mgongo huu sio wangu tena.

Ishirini na watano kwenye pipa. Kumi na sita kwenye karai langu. Waliobaki kwenye sanduku, ishirini. Tumehesabu pamoja, mara mbili.

Sitini na mmoja.

Jumatatu, 30 Juni

Siku nne hajafa hata mmoja! Nawalisha Salamu Maria tatu kamili, si neno zaidi. Wageni nawaambia ugali wale wao. Asubuhi siwakuti tena midomo juu. Wapo chini, wanageuka geuka, wanang'aa ubavuni. Kumbe ndivyo perege mzima alivyo. Mwezi mzima nilikuwa nawaonyesha watu samaki wagonjwa, nikijisifu.

Sitini na mmoja, na wote wana afya. Nani kasema sijui kutunza samaki?

Lazima nimwandikie Generoza.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeandika. Nusu ukurasa. Mwanangu, nilikudanganya. Nimempa Tomasi aiwahishe kwenye treni ya Morogoro, ana rafiki yake mlinda treni. Akaiweka mfuko wa koti, akaenda kunawa.

Nikaitoa.

Alivyorudi alipapasa mfuko. Alijua. Akavaa kofia yake, akatoka. Afadhali angenifokea.

Nilisema nitamwambia kwa mdomo, akifika. Jambo kama hili mtu haliandiki, linasemwa mkikaa wawili. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumapili, 6 Julai

Tumetoka misa, Landrova ipo mlangoni! Nilidhani watakuja jioni. Generoza, na pamoja naye Ndugu Lupakisyo, mwenyekiti wa kijiji cha bwawa, na daftari lake kwapani. Hatujakaa wawili. Hatukupata hata dakika.

Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Kanikumbatia. Kakonda, na mikono imekuwa na sugu kama ya mwanamume, na anapendeza! Kaingia sebuleni. Kaona sanduku. Katoka uani, kaona karai, kaona pipa. Yule hahitaji kuhesabu. Amesomea. Alisimama tu pale, upepo unampeperushia kitambaa, kisha akanitazama.

Mimi nikatazama birika.

Ndugu Lupakisyo kakaa kigodani, kafungua daftari juu ya goti. Afisa, anasema, ni wale mia na hamsini wa kwenye ripoti? Wanakijiji wangu wameshindilia udongo mara tatu kwa ajili ya hiyo mia na hamsini. Nimewaambia kila kaya itahesabiwa samaki wake.

Generoza kasema: Tuhesabu, Ndugu Mwenyekiti.

Nikasema naongeza maji ya chai. Nipo jikoni. Daftari hili lilikuwa nyuma ya gunia la mkaa. Mkono unataka kushika kitu.

Anachota kwa chujio, anatia kwenye debe, anataja kwa sauti. Mwenyekiti anachora vijiti. Yeye hatazami debe, anatazama daftari. Mwanasha yupo ukutani na ufagio. Tomasi kasimama nguzo ya mlango, kofia mkononi.

Karai limekwisha. Sasa sanduku, limekwisha. Sasa pipa. Hamsini na tano. Hamsini na sita. Nazijua zinazobaki kama shanga za rozari yangu. Sitini. Sitini na moja.

Ndiye wa mwisho.

Chujio limerudi majini. Nalisikia.

Sitini na mbili.

Sitini na tatu. Sauti yake haitetemeki. Pipa halina kitu! Mwanasha ameona, ameinua ufagio hivi, ameushusha. Mwanasha, ambaye tangu azaliwe hajanyamaza! Sabini. Maji yanamwagika kwenye debe, maji matupu, na mwenyekiti anachora.

Nilimfundisha mimi kuhesabu. Hapa hapa jikoni, punje za mahindi kwenye ungo, hajaanza shule. Akiruka namba nilikuwa namfinya kidole. Akitaja punje isiyokuwepo tunaanza upya.

Themanini na nne. Tomasi kaja mlango wa jikoni, ananitazama.

Chai imechemka, imemwagikia moto. Tisini na moja. Hamumjui mama yangu, aliwaambia. Tisini na mbili. Nimesimama, naandikia juu ya ukingo wa dirisha, kutoka hapa naona kisogo chake, na kile kidole nilichokuwa nakifinya. Natoka, tunaanza upya. Tisini na tatu. Tisini na