Nimekubali Kuitwa Mlevi Ili Nifiche Jicho Langu

Mma Seabelo mpendwa, mama unayetushauri gazetini, naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaniona mjinga, maana nimeianza mara nyingi nikaichana, na leo naituma kwa sababu nimebanwa kila upande. Naishi Mahalapye, nimeolewa mwaka jana na Oteng, fundi umeme, mwanamume mpole ambaye hajawahi kunipandishia sauti, na sasa nina mimba ya miezi minne, mimba yangu ya kwanza, na ukoo mzima wa mume wangu unaamini kwamba mimi ni mlevi, na mbaya zaidi, Mma, mimi mwenyewe ndiye niliyekubali kwamba nakunywa.

Nilizaliwa na makengeza. Jicho la kushoto lilikuwa limekimbilia puani, na watoto wenzangu kule Palapye walikuwa wananiuliza, "Wewe unatuangalia sisi au unaangalia dukani?" Nilipofika darasa la sita madaktari wakalinyoosha, likanyooka vizuri kabisa, ukiniona leo huwezi kujua, lakini ndani hali ni ile ile. Naona, nasoma, naandika, ila umbali wa karibu unanidanganya. Kikombe nakiona lakini sijui kama kiko mbele ya mkono wangu au nyuma yake, kwenye ngazi natafuta kwa mguu kidato ambacho hakipo, na ukinirushia kitu kitanigonga kifuani kabla sijanyoosha mikono. Nyumbani kwetu walinizoea. Nilipokaribia kuolewa mama yangu aliniketisha akaniambia, "Habari ya jicho uiache hapa hapa. Wakwe wakijua watasema unawaletea wajukuu wa makengeza." Basi nikaiacha.

Lakini kwa wakwe kila kitu ni kigeni, Mma, vikombe ni vingine, vizingiti ni vingine, nikajikwaa, nikamwaga maziwa mezani, nikagongana na mlango, na wifi yangu Gorata akaanza kucheka cheka akisema, "Mkwe wetu leo amewahi. Hata jua halijazama." Nikadhani ni utani tu. Halafu tukapata msiba Shoshong, na mimi kama mkwe nikapewa birika kubwa niwahudumie wazee chai ndani ya hema. Vikombe vyeupe, kitambaa cheupe, na mle ndani mwanga hafifu. Nikammiminia baba mkubwa wa Oteng, na chai ya moto yote ikaenda kwenye paja lake. Mzee wa watu aliruka na kiti chake. Mama mkwe wangu akaja akanichukulia birika mkononi, na Gorata akasema, tena kwa sauti ya watu wote kusikia: "Msibani pia? Na mimba hiyo?"

Tulipoingia kwenye gari, Oteng hakuwasha injini. Alinisogelea akaninusa mdomo, mume wangu, akaninusa kama mtu anayenusa maziwa kuona kama yamechacha. Akasema, "Niambie ukweli tu, sitakasirika. Ulikunywa?" Mma, nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni jicho, lakini nikaona wale watoto wa Palapye, nikaona uso wa mama yangu, nikasema, "Kidogo."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu, "Na mtoto?" Kesho yake akatoa bia zake zote kwenye friji akazimwaga uani, akaniambia, "Tutaacha wote wawili." Sasa kila jioni anakaa na mimi tunakunywa gemere, kile kinywaji cha tangawizi kisicho na kileo, ananisifu, anampigia mama yake simu na kumwambia, "Anajitahidi sana." Mama mkwe akija ananikumbatia muda mrefu kuliko zamani na najua ananinusa. Gorata hanipi mtoto wake nimbebe. Na Jumapili ijayo wajomba wa Oteng wanakuja na mchungaji kunishauri niache pombe.

Nimesikia redioni tangazo la kliniki moja ya Johannesburg inayotibu macho kwa leza, unaingia asubuhi unatoka na macho mapya. Nimemwambia Oteng naenda kwa binamu yangu Soweto kununua nguo za mtoto. Basi ni la Ijumaa. Naomba uniambie kabla ya hapo: leza itanisaidia kuona umbali? Kwa sababu nikipona, hakuna atakayehitaji kujua chochote. Nitakuwa tu yule mkwe aliyekuwa anakunywa akaacha.

Ni mimi, mkwe wa Mahalapye

*

Mwanangu,

Nimeisoma mpaka mwisho, na sikukuona mjinga. Kwa kuwa uliandika namba yako ya simu, nilikupigia siku ile ile niliyoipata barua ili basi lisikuwahi, lakini niliyokuambia nayaandika hapa kwa ruhusa yako, maana nina hakika wako wengine wanaojificha kama wewe.

Basi la Ijumaa usipande. Nimezungumza na daktari wa macho ninayemwamini, na nakueleza alivyonieleza. Leza hurekebisha ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, ili mtu aliyekuwa anahitaji miwani aone vizuri bila miwani. Kama shida yako ingekuwa kwamba jicho moja linaona ukungu kwa sababu ya kukosa miwani, kulirekebisha jicho hilo, kwa miwani au kwa leza, kungeweza kuyarudisha macho yako yafanye kazi pamoja. Inavyoonekana, shida yako ni nyingine. Umbali wa karibu hupimwa na macho mawili yakishirikiana. Wewe ulipokuwa mchanga macho yako yalitazama pande mbili, ubongo ukapokea picha mbili zisizolingana, ukachagua jicho moja na kulipuuza la pili. Walipokunyoosha jicho ukiwa mkubwa, sura ilirekebika, lakini ubongo ulikuwa umeshazoea. Leza haifiki huko.

Tena kuna mawili ya kukutia woga. Kama unategemea jicho moja, daktari makini atasita sana kulipasua hilo bila sababu ya maana. Na mjamzito hafanyiwi upasuaji huo, kwa sababu macho hubadilika wakati wa ujauzito. Kwa hiyo ungesafiri kwa uongo, halafu ungerudishwa na uongo wako mkononi.

Mimi sijayaona macho yako, na daktari wangu pia hajayaona. Nenda hospitali ya karibu ukapimwe. Waulize swali hili hili: "Macho yangu mawili yanafanya kazi pamoja?" Uliza pia kama kuna miwani au mazoezi ya kukusaidia hata kidogo. Usiruhusu mtu akuuzie macho mapya kabla hajakujibu.

Wakati huo huo, maisha ya jikoni hayasubiri. Unapomimina, gusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe, uusikie umegusa, ndipo umimine. Weka vikombe vya rangi juu ya kitambaa cheupe, au kinyume chake. Kwenye ngazi zenu paka ukingo wa kila kidato rangi kali. Kwenye nyumba usiyoizoea shika ukuta na utangulize mguu polepole, hakuna anayekufukuza. Na msibani omba kupewa sahani za kuosha.

Sasa nakugombeza. Umemwacha mwanamume mwema amwage bia zake kwa ajili ya ulevi usiokuwepo. Umemwacha mama mkwe wako awe na hofu kila siku juu ya mjukuu wake, na hofu hiyo wewe ulikuwa na uwezo wa kuiondoa kwa sentensi moja. Umeshindwa kusema "jicho langu", ukaweza kusema "nakunywa", ukiwa na mimba. Naelewa ulikotoka. Mtoto aliyechekwa sana hukua akiogopa vicheko hata pale ambapo hakuna anayecheka. Mama yako naye alikushauri kwa mapenzi, lakini alikosea, na wewe usiendelee kukosea kwa niaba yake.

Nisikilize kwenye hili kuliko yote. Makengeza yanaweza kufuata ukoo. Si lazima mtoto wako ayapate, lakini akiyapata na kuonwa mapema, kuna miwani, kuna kuzibwa jicho lenye nguvu ili lile dhaifu lifanye kazi, wakati ubongo wake bado unajifunza kuona. Wewe ulipelekwa umechelewa. Mtoto wako hawezi kupelekwa mapema na watu wasiojua waangalie nini. Siri hiyo ikikaa tumboni mwako, yeye ndiye atakayeilipia.

Mwambie Oteng kesho, mchana, mkiwa wawili, kabla wajomba hawajaingia. Anza na lile la "kidogo" kwamba lilikuwa uongo. Kisha mwambie jicho. Akinyamaza, mwache anyamaze.

*

Ujumbe huu nimeupokea kutoka kwa mkwe wa Mahalapye wiki iliyofuata, naye amekubali niuchapishe.

Mma, nilimwambia. Alinitazama sana, akasema, "Kwa hiyo bia zangu nilimwaga bure," akacheka, halafu kicheko kikakatika akatoka nje, akasimama kando ya gari. Aliporudi aliniuliza, "Kwa nini ulidhani ningekucheka?"

Wajomba alishindwa kuwazuia, walikuwa wameshapatana na mchungaji wao, basi Jumapili wakaja naye, na Oteng akawaambia yeye mwenyewe. Mzee niliyemuunguza, aliyekuja pamoja nao, akasema paja lake limepona na habari hiyo imekwisha. Mama mkwe ndiye aliyeniumiza. Alisema, "Heri ungekuwa unakunywa. Pombe inaachwa." Nikainuka kwenda jikoni nikalie, akanifuata. Nilidhani amekuja kuongeza.

Akauliza, "Na mtoto akizaliwa hivyo?"

Nikamweleza yote uliyonieleza, kuhusu miwani, kuhusu kuziba jicho, kuhusu ubongo wa mtoto mchanga. Alisikiliza akiwa amesimama, na mkoba wake kwapani.

"Kumbe akiwahiwa anatibika."

"Ndiyo, mama."

"Gorata atakupa mtoto wake siku akitaka, huyo mwache. Huyu wa kwako akizaliwa tutampeleka kupimwa macho mimi na wewe. Usimngoje Oteng, ana kazi."