Beseni la Amondi

Baba Amondi,

Uji wa mtoto uko kwa chupa ya chai. Mpe kwanza, ndipo uwaendee wapenzi wako wa nyuma ya nyumba.

Nimeondoka bila kukuaga kwa sababu nimenuna. Natafuta beseni la kumwogeshea Amondi, kumbe limejaa bata! Nawe umechuchumaa hapo, unampangusa mmoja macho na kitambaa, eti "pole, mrembo wangu." Mimi nimekohoa wiki nzima, Zedekiah. Nani ameniita mrembo?

~~Rudisha beseni. Bata watumie ile sahani yao ya kunywea.~~

Waachie tu. Nilisimama mlangoni na hasira zangu, nikamwona yule wa macho yaliyogandamana akizamisha kichwa chote, akakitoa, akanitazama vizuri. Mwalimu wetu wa lile darasa la ufugaji la jioni alituambia bata asipopata maji ya kuzamisha kichwa, macho humsumbua. Nitamnunulia Amondi beseni lingine.

Yule mteja wa soko la nyama la Kiamaiko akija kuchukua bata, usikubali awaning'inize kwa miguu, vichwa chini. Najua ni bata wa nyama, lakini hata safari ya mwisho mtu hushikwa vizuri. Watie kwa kreti mmoja mmoja, mkono chini ya tumbo, vile unavyojua.

Ukimaliza, nawa mikono hiyo na sabuni na uniwekee maji ya moto. Leo sina darasa, narudi mapema. Nami nataka kuambiwa pole.

Mama Amondi
(mrembo wa kwanza)