Mama Alipoitikia Marahaba

Jumatatu, 1 Juni 1970

Darasa la akina mama tena. Leo nimewafundisha herufi M. Chaki zimebaki vipande. Mikono iliyozoea jembe inashika kalamu kama inashika mchi, lakini inaandika. Nimerudi nyumbani nimechoka, nina furaha.

Furaha imeishia mlangoni. Ile nyumba kubwa ya mtaani imeleta mtu. Nasra, binti yao, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi na Mama tunatakiwa jikoni kuanzia Ijumaa, siku moja kabla. Hatukualikwa. Tumeitwa.

Jumanne, 2 Juni

Nimemwambia Mama siendi. Naye asiende. Kanitazama kana kwamba nimetukana dini.

Naandika ili nisisahau kwa nini nina hasira. Bibi yangu aliletwa na msafara kutoka Manyema akiwa mtoto, kamba shingoni. Hapa Tabora akaachwa katika nyumba ile. Wakamwita Faida. Jina lake la kwao hakuna anayelijua, hata Mama. Mama naye akazaliwa jikoni mwao. Utumwa ulikatazwa yeye akiwa msichana, lakini hakuna aliyemwambia atoke jikoni. Sasa ana zaidi ya miaka sitini. Watoto wa nyumba ile humwita Chausiku, hivyo hivyo, bila Bi, bila shikamoo. Kila harusi, kila msiba, yuko mbele ya mafiga yao.

Nchi imepata uhuru. Jikoni bado.

Alhamisi, 4 Juni

Mama hasemi nami. Anapika, ananiwekea chakula, anageuka.

Jumamosi, 6 Juni

Nimekwenda nyumba kubwa mwenyewe. Nimepita mlango wa mbele, ule wa kuchongwa. Sikurudi nyuma.

Bi Thuwaiba, mama yake Nasra, alikuwa anachagua vitambaa vya harusi. Nilimwamkia, maana ni mkubwa wangu. Nikamwambia tutakuja kama wageni, au hatutakuja.

“Zena, nyinyi si wageni. Nyinyi ni watu wetu.”

“Sisi si wa mtu, Bi Thuwaiba.”

Hakupandisha sauti. Aliuliza tu tunakaa kwenye kiwanja cha nani. Babu wa mumewe ndiye aliyempa Bibi mahali pa kujenga. Wanaweza kupachukua, akasema, huku macho yakiwa kwenye vitambaa.

Nimetoka kwa mlango uleule.

Jumatatu, 8 Juni

Nimemwendea balozi wetu wa nyumba kumi. Mikutanoni hakuna anayemshinda kupaza sauti kwamba binadamu wote ni sawa. Leo kanong'ona. Ardhi ni ya taifa, ndiyo, lakini wale ni watu wakubwa, ndugu Zena, na harusi ni siku moja tu. Mwoga. Namwandika hapa: mwoga.

Ijumaa, 12 Juni

Nimeamka, kitanda cha Mama kitupu. Kaenda. Kachukua na kisu chake cha vitunguu. Nimelia kwa hasira. Halafu nikapiga pasi gauni langu la kijani.

Jumamosi, 13 Juni

Nimekwenda. Zawadi mkononi, mkebe wa asali ya Sikonge. Nimeketi sebuleni kwenye mkeka wa wageni, katikati. Hakuna aliyenisogelea. Hakuna aliyenifukuza pia, mbele za watu hawakuthubutu. Kupitia mlango wa uani nilimwona Mama amechuchumaa, moshi machoni. Alijua nipo. Hakunitazama.

Nasra, hina mikononi, akaita kutoka alipoketi: “Chausiku! Maji!”

Mama akajibu kwa sauti yake ya kila siku: “Marahaba.”

Wanawake wakageuka. Nasra alidhani hakusikika. Akaita tena.

“Marahaba, mwanangu.”

Bi Thuwaiba akasimama. “Chausiku, una wazimu?”

“Nimemwitikia mtoto salamu yake,” Mama akasema. “Kama hajaitoa, aitoe sasa.”

Kisha akanawa mikono, akafunga vizuri kanga yake, akapita katikati yao wote, akaja kuketi karibu nami. Nikamshika mkono. Mgeni mmoja mtu mzima, wa upande wa bwana harusi, akamsogezea mto. “Shikamoo, dada,” akasema, wote wakasikia. Nasra alimtazama mama yake, hakupata msaada. Akaamkia kwa sauti ndogo. Mama akaitikia kama kawaida, wala hakujivuna. Ningekuwa mimi ningejivuna.

Pilau iliungua. Hakuna mwingine aliyeujua ule moto. Siombi radhi.

Jumanne, 16 Juni

Nilitarajia. Wametuma mtu: tuhame. Nimemchukua Mama moja kwa moja hadi ofisi ya ardhi. Karani akafungua daftari, akatafuta sana. Kiwanja chetu hakina jina la mtu yeyote. Si lao, si la babu yao. Anayekaa ndiye atakayeandikwa.

Jina? Chausiku. Kabila? Nikataka kumsaidia, maana siku zote husema yeye ni mtu wa hapahapa, basi. Kanitangulia.

“Mmanyema.”

Sijawahi kumsikia akilitamka. Akarudia, taratibu, karani asikosee.

Ijumaa, 19 Juni

Hakuna aliyekuja kutuhamisha. Mtaani wengine hawatusalimu. Wengine wanatusalimu kuliko zamani. Baridi ya kipupwe.

Mama amekaa kwenye mkeka barazani tangu asubuhi, miguu kainyoosha. Kaniuliza watu hufanya nini siku ikiwa tupu hivi. Nikamwambia hawafanyi kitu. Akafikiri kidogo.

“Basi nisogeze juani.”

Nimeusogeza mkeka.