Bei ya Kuku wa Mnada

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Game imekamilika! Kuku wa Mnada — jogoo anayetoroka kila akinadiwa, unamkimbiza Njiro nzima, kuta, mbwa, magari ya mabosi, mpaka mtaa wa Kwa Mrombo. Miezi kumi na minne. Mimi naandika programu, Kajal anachora. Jogoo wake ana macho ya mjumbe wa nyumba kumi.

Sasa bei. Tumekaa barazani kwa Mama tangu asubuhi. Tuuze elfu tano, mtu alipe mara moja tu? Iwe bure, tuweke matangazo? Matangazo nimekataa — wiki ya kwanza tu litatokea la kubeti, na watoto wa Sunday school ndio wanaoisubiri. Au tusaini na ile kampuni ya Nairobi: wanatupa dola elfu nne, wanaitangaza wao, lakini game inakuwa yao miaka saba. Wakitaka kumgeuza jogoo awe dinosaria, ruksa. Wanataka jibu kufikia Ijumaa tarehe 22.

Kajal anataka tusaini. Baba yake, Mzee Jitendra mwenye duka la vigae, amempa mpaka mwisho wa mwezi: game ilete hela ya kueleweka, au arudi kaunta. Namwelewa. Bila Kajal hakuna kuku! Lakini mimi nimeacha kazi ya NGO kwa ajili ya huyu jogoo, halafu nimpe mtu amchinje? Thubutu.

Jumapili, 3 Agosti

Leo nimepeleka malimbuko. Wenzangu walileta mikungu ya ndizi na mayai, mimi kadi yenye namba ya kufungulia nakala ya kwanza. Baada ya ibada, mnada kwenye nyasi kama kawaida. Mnadishaji ni Mzee Ephraimu, na akishika kitu utadhani kakizaa yeye. "Huyu kuku hali pumba, hafi kwa kideri! Elfu mbili, nani anaongeza?" Watu hoi kwa kicheko. Elfu tano. Kumi. Magreth wa kwaya kachukua kwa kumi na tano, akasema anarudisha, inadiwe tena. Ikanadiwa mara nne! Jumla elfu tisini na mbili. Aliyefunga, daktari mmoja wa Sakina, akamkabidhi kadi Koikai, mlinzi wa kanisa.

Elfu tisini na mbili kwa nakala moja! Nilimpigia Kajal palepale. Nikamwambia bei ni elfu tano, na hapo tunawaonea huruma.

Jumatatu, 4 Agosti

Tumeiweka Play Store. Nakala saba kabla ya saa sita mchana! Nimeanza kutafuta ofisi kichwani.

Jumapili, 10 Agosti

Kumi na moja. Wiki nzima. Tisa ni kwaya.

Kajal alikuja na dhokla, vitafunio vya mama yake, tukala. Halafu akalipuka. Pale kanisani hamnunui kuku, mnatoa sadaka! Mimi Mhindu nimeliona hilo, wewe umezaliwa humo hujaliona?

Nilinuna kama nusu saa. Kisha nikacheka, maana ni kweli. Bei ya mnada nimeipeleka dukani kama mjinga! Lakini kusaini bado nimekataa. Ameondoka bila kuaga vizuri.

Jumanne, 12 Agosti

Nilipita kanisani kumwuliza Koikai kama anaicheza. Anaicheza! Yuko hatua ya thelathini, amenipita mimi niliyeitengeneza. Je, angeinunua mwenyewe? Akasema kwa heshima zote hapana, elfu tano ni mboga ya siku mbili. Ila akipewa anacheza. Na angeweza kumpa mdogo wake Simel kule Monduli, angempa, apate mtu wa kushindana naye.

Nilisimama pale kama nimepigwa shoti. Daktari alinunua ampe mtu. Magreth alinunua arudishe. Hakuna hata mmoja aliyenunua akaenda nayo nyumbani! Na mimi wiki nzima nauzia mtu aliyekaa peke yake na simu yake.

Nimemwambia Kajal: hatua kumi bure. Zilizobaki elfu moja — na kitufe kikubwa, MNUNULIE MTU. Ukipewa unaona jina la aliyekupa. Ukitaka, nawe unampa mwingine. Amesema nimechanganyikiwa. Baada ya dakika tano alikuwa anachora kitufe.

Jumatano, 20 Agosti

Toleo jipya lina siku sita tu. Nakala mia mbili na kumi na mbili! Mia na arobaini ni zawadi. Kule Usa River msimamizi wa shamba la maua amewanunulia wapakiaji wote kumi na wanane wa zamu yake. Kuna dada amemnunulia mchumba wake wa zamani, sijui wana lao.

Si utajiri. Ukigawana na Kajal, haifiki hata nusu ya anachotaka baba yake. Nilimpitia dukani, shikamoo Mzee, nikamweleza inavyopanda kila siku. Marahaba, akasema, halafu akaniuliza kama nusu daraja inavusha mtu.

Wakala wa Nairobi amepiga simu. Ameona namba zetu. Anakuja mwenyewe Ijumaa. Aje tu, hanitishi.

Ijumaa, 22 Agosti

Naandika jikoni kwa Mama, haraka haraka. Wakala, Bwana Lerionka, yuko getini anaongea na bosi wake. Mtu mzuri kwa kweli. Amevua viatu mlangoni, amekula vitumbua vinne. Nilimwambia miaka saba hapana, akashuka mitano. Nikasema jogoo asiguswe, akaandika. Dola elfu nne zimekuwa sita.

Dola elfu tatu za Kajal ni mwaka mzima bila kaunta. Nimeamua hivi: akisema ndiyo, nasaini. Sina ubavu wa kumrudisha mwenzangu kwenye vigae kwa ukaidi wangu.

Amerudi. Bosi amekubali yote, sharti moja: tuitoe Play Store leo hii, waianzishe upya kwa jina la kampuni. Na kitufe cha MNUNULIE MTU kife, wao wanataka kila mtu ajinunulie. Nikauliza, na waliokwisha kupewa? Akasema watanunua upya kama wengine. Alisema kwa aibu kidogo, nakiri. Ametoka tena nje, atuache tushauriane.

Kajal amenifuata huku jikoni. Amefungua bomba, akanawa mikono, akajifuta kwa kanga ya Mama. Nimemwambia aamue yeye, na lolote atakalosema sitamnunia. Amechungulia dirishani. Bwana Lerionka bado ana simu sikioni. Kisha ameniuliza, taratibu kabisa, kama anauliza bei ya nyanya: mgeni aongezewe chai kabla hajaondoka, au nikampangie viatu vyake mlangoni sasa hivi?